Mahali Ndege Inapopumulia

"Kifuniko?" Pantaleo alicheka, na wale vijana wa karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, waliokuwa wakimsubiri wakacheka naye, kwa sababu tajiri akicheka ni vizuri kumsaidia. "Boaz, mimi nimenunua ndege nzima, wewe bado unanililia kifuniko?"

Boaz alikuwa amekishika mkononi. Kilikuwa kifuniko cha tangi la mafuta la bawa la kulia, na katikati yake palikuwa na kitundu chenye kivalvu kidogo kisichozidi punje ya mahindi.

"Bosi, matangi haya yanapumua sehemu mbili tu. Kibomba kile cha chini ya bawa la kushoto, na hapa. Hapa pamekwama, hewa haipiti. Nimekuandikia tangu mwezi wa pili. Hewa isipoingia, mafuta hayashuki kwenye injini."

"Kile kibomba kingine kinapumua?"

"Kinapumua."

"Na ndege inaruka?"

"Inaruka bosi, lakini..."

"Mtu ana pua yenye matundu mawili. Moja likiziba kwa mafua, mnamzika?"

Vicheko vikaja tena. Pantaleo akakisukuma kitabu cha kumbukumbu za ndege kwa kidole, kikateleza juu ya pipa la mafuta mpaka tumboni mwa fundi wake. "Tia saini. Kifuniko kitakuja."

Boaz akatia saini. Nawaomba msiharakishe kumhukumu. Nyumba aliyokuwa akilala ilikuwa ya Pantaleo, kando ya uwanja wa Pantaleo, nje kidogo ya Masumbwe. Maji aliyooga yalitoka kwenye kisima cha Pantaleo. Na mkoa mzima haukuwa na ndege nyingine iliyokuwa ikimsubiri fundi Boaz. Miaka sita nyuma huyu Pantaleo alikuwa akishuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, na tochi kichwani kama wenzake, kabla mwamba haujamfungukia. Maskini akipata matako hulia mbwata, na mbwata ya Pantaleo ilikuwa ndege ya viti vinne, nyeupe yenye mstari mwekundu, iliyomzidi umri mwenyewe. Aliipenda sana ilipokuwa angani. Ikiwa chini, ikidai oili, matairi na vifuniko, aliiona mwizi.

*

Boaz alikuwa na sharti moja ambalo hata Pantaleo alilizoea. Kila alipomaliza kuifanyia ndege matengenezo, yeye mwenyewe alipanda safari ya kwanza. Mwalimu wake wa ufundi, kule Mwanza, alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba fundi asiyepanda kazi yake mwenyewe ni mwongo. Boaz hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hilo aliliamini kama wengine wanavyoamini Injili.

Mkewe, Lusia, alilichukia sharti hilo.

"Baba Noela, dereva wa lori akitengenezewa gari, fundi anapanda nalo mpaka Kahama?"

"Lori likizima, unashuka unasukuma."

"Ndicho hicho ninachosema mimi!"

Kisa cha maneno hayo kilikuwa safari ya mwezi uliopita. Ndege ilikuwa ikirudi, na Lusia aliyekuwa akianika mihogo uani aliisikia injini ikikohoa mara tatu, ikanyamaza, halafu ikaunguruma tena. Alibaki amesimama na kipande cha muhogo mkononi mpaka magurudumu yalipogusa ardhi. Rubani, Kapteni Abdulshakur, mtu wa Shinyanga mjini na mwenye utani usioisha, alishuka akicheka.

"Shemeji, nimekurudishia mumeo. Siku ukichelewesha ugali nitambakiza Mwanza, atafutiwe mke mwingine."

Lusia hakucheka. Alimpakulia ugali na mlenda kama siku zote, maana Abdulshakur alikuwa akila kwao kila alipolala Masumbwe.

Msiseme hakuijua ndege. Aliijua kuliko wake wengi wa marubani. Kila adhuhuri alipeleka chakula kwenye banda la ndege, na Boaz, ambaye nyumbani alikuwa bubu, akiwa chini ya bawa aligeuka mwalimu. Siku moja alimnyanyua binti yao Noela mabegani, akamshika kidole, akakigusisha kwenye kibomba kilichochomoza chini ya bawa. "Mwanangu, hapa ndipo ndege inapopumulia. Na mama yako aweke kidole." Lusia akaweka. Walicheka wote watatu siku ile. Ilikuwa siku njema, na natamani hadithi ingeishia hapo.

*

Mama yake Lusia alikuja kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya Kolandoto kumwangalia mjukuu. Alikuwa kikongwe mdogo wa umbo, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sabini. Lusia alimweleza habari ya injini iliyokohoa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate ya ugoro pembeni.

"Umemwambia padri?"

"Nilitoa sadaka ya misa, mayu."

"Vizuri. Padri ana kazi yake." Akafungua fundo la kanga yake, akatoa kifurushi cha dawa nyeusi, iliyosagwa na kukandwa kwa mafuta ya kondoo mpaka ikawa kama ulimbo. "Baba yako alikwenda na hii kuchunga mpaka Usangu, akarudi. Nyumba huzindikwa mlangoni, zizi huzindikwa langoni. Hicho chombo, lango lake liko wapi?"

"Kina milango miwili ya kuingilia watu."

"Hiyo ya watu. Nauliza lango la chenyewe. Kila chenye uhai kina mahali pa kupumulia, ng'wanone, mwanangu. Weka hapo. Na uifunge kwa kitambaa ulichovaa mwilini mwako, dawa imjue huyo mwanamume ni wa nani."

Lusia alikuwa na kitenge kimoja cha maana, cha buluu chenye mapangaboi ya manjano. Boaz alikinunua Shinyanga siku ya ubatizo wa Noela, akisema kwamba aliyechora kitambaa kile alikuwa ameona ndege. Mama alipokwisha kurudi kijijini, Lusia akakata pembe ya kitenge hicho kwa wembe, upana wa viganja viwili. Roho ilimuuma, lakini kitenge ni kitenge na mume ni mume.

Adhuhuri ya Jumatano, Boaz na Abdulshakur walipokuwa wakila upande wa pili wa banda na kubishana habari za mpira, Lusia alisema anakwenda kumwaga maji ya kunawa. Akapita chini ya bawa la kushoto. Kitambaa kilichoviringishwa na dawa kiliingia kibombani kwa taabu, akakisukuma kwa mpini wa mwiko mpaka kikazama kabisa kisionekane. Akafanya ishara ya msalaba, akarudi kukusanya vyombo.

*

Alhamisi asubuhi ilikuwa safari ya kwanza baada ya kubadilisha oili. Boaz alinawa, akavaa shati safi, akachukua kofia yake. Alimkuta Pantaleo bandani akiwapakia abiria wawili, wanunuzi wa dhahabu waliotakiwa kuwahi ndege kubwa Mwanza saa nne. Kiti cha nne kilikuwa na maboksi matatu yaliyofungwa kwa kamba.

"Bosi, hicho ndicho kiti changu. Nimemaliza huduma jana."

"Leo hapana. Hizo ni sampuli za mwamba mpya, zinakwenda kupimwa."

"Basi nipeni nusu saa, tuizungushe na Kapteni hapa hapa uwanjani, ndipo waondoke."

Mmoja wa abiria akatazama saa yake. Pantaleo aliona aibu mbele ya wageni, na aibu ya tajiri huwa inatafuta mtu wa kumwangukia. "Boaz, mawe haya yana thamani. Wewe utapanda siku nyingine. Toa vigingi."

Fundi akainama, akatoa vigingi vya magurudumu. Abdulshakur alikwisha kuizunguka ndege kwa haraka haraka, akipigiwa kelele za saa. Alitia kichwa nje ya dirisha. "Usinune, fundi. Mawe hayaombi ugali."

Ikaruka saa mbili na nusu. Lusia alitoka uani kuitazama ikipanda, na alipogeuka alimwona mumewe akitembea kurudi nyumbani kwa miguu yake, kofia mkononi. Moyo ulimruka kwa furaha.

*

Ilianguka baada ya dakika ishirini na tano, kwenye majaruba ya mpunga upande wa Geita. Wakulima walisema ilikuja kimya kimya, pangaboi limesimama, na rubani akaipitisha juu ya vichwa vya watoto waliokuwa wakifukuza ndege wa mpunga. Aliishusha vizuri kabisa. Kisha gurudumu la mbele likakamatwa na tuta la jaruba. Abiria wawili walitolewa wakiwa wamevunjika mifupa, lakini hai. Maboksi ya mawe yalikuwa nyuma ya kiti cha rubani, na yaliendelea na safari ndege iliposimama. Abdulshakur alifia palepale.

Boaz alipanda pikipiki kwenda huko akilia hadharani bila kujificha. Lusia alibaki amepiga magoti chumbani. Alilia kwa ajili ya Abdulshakur, kilio cha kweli. Lakini ndani ya kilio kile kulikuwa na sauti nyingine aliyoionea haya, nayo ilisema: imefanya kazi. Kiti kilikuwa chake, dawa ikamtoa. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na mama yake.

Kesho yake alikwenda Shinyanga mazikoni, amejifunga kile kitenge. Safiya, mjane, alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, uso umevimba. Alimvuta Lusia akamkumbatia.

"Mume wako alikuwa apande."

"Alikuwa apande, dada."

"Basi mshike. Mshike sana." Na wanawake wengine wakamwambia Lusia kwamba Mungu anampenda. Alikubali kwa kichwa.

*

Siku hiyohiyo, Boaz alikuwa kwenye majaruba. Alikuwa amelala pale akilinda mabaki, na asubuhi mtendaji wa kijiji akamwomba atoe mafuta kwenye matangi kabla watu hawajaja na ndoo. Bawa la kushoto lilikuwa zima. Alipogonga tangi, likaitika kizito: mafuta yamo tele. Alipolegeza kifuniko, tangi likavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa amefungwa mdomo.

Boaz alisimama na kifuniko mkononi. Halafu akainama chini ya bawa, akaweka mdomo kwenye kibomba, akapuliza. Hakikupita kitu. Akatafuta waya. Alichovuta kilitoka polepole, cheusi, kinanuka mafuta ya kondoo, na alipokikunjua na kukifuta kwa kidole gumba akaona pangaboi moja la manjano kwenye buluu.

Alikaa kwenye matope. Mtendaji akamuuliza kama anaumwa. Akasema ni jua.

*

Lusia alirudi Jumamosi mchana, akamkuta mumewe mezani. Mbele yake palikuwa na kitambaa. Alikitazama kile kitenge kiunoni mwa mkewe, mahali ambapo pembe haikuwapo.

Lusia akakaa chini sakafuni. "Ilikuwa ya kukulinda," akasema. "Baba Noela, ilikuwa ya kukulinda wewe."

"Ulijuaje pa kuweka?"

"Ulinionyesha mwenyewe. Ulisema hapo ndipo inapopumulia."

Boaz alifunika uso kwa mikono yenye grisi. Jibu hilo lilimuumiza kuliko jingine lolote ambalo angepewa, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alikuwa amemwonyesha ndege inavyopumua, akasahau kumwambia inavyokufa.

"Kingekuwapo kile kifuniko kingine, isingeanguka," akasema baadaye. "Ingepumua upande wa pili. Nilijua ni kibovu, nikatia saini."

"Nitakwenda kusema. Sasa hivi. Abdulshakur alikuwa akila humu ndani!"

"Utasema nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Watakuuliza dawa uliipata wapi." Akainuka, akafunga mlango. "Mama yako ana macho mekundu, Lusia. Anakaa peke yake. Unakijua kijiji chenu. Yule bibi jirani yake mlimkuta wapi, na alikatwa kwa nini? Kwa sababu ng'ombe wa mtu walikufa, wakasema kawaroga. Ng'ombe! Huyu wa kwako ameangusha ndege. Hatamaliza wiki."

Lusia aliufunga mdomo kwa kiganja.

"Na Noela atakuwa mtoto wa nani, wa mama aliyefungwa au wa bibi aliyechinjwa? Mimi nimetia saini. Jina langu limo kitabuni tayari. Jina lako halimo popote." Akachukua kitambaa, akakwenda jikoni, akakitia kwenye jiko la mkaa. Mafuta ya kondoo yalitoa mwali mkubwa kwa muda mfupi. "Na hicho kitenge ukichome."

*

Mkaguzi alifika Jumatatu kutoka Dar es Salaam. Jina lake Bartholomeo, mtu mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Alikagua mabaki siku nzima, kisha akaketi bandani na kitabu cha ndege magotini. Pantaleo alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Kibomba cha hewa kina alama za kitu cha mafuta mafuta. Palikuwa na nini?"

"Tambara," Boaz akajibu. "Langu la kufutia. Nilizibia vumbi wakati wa huduma, nikasahau kulitoa. Nilipoliona juzi nikaogopa, nikalichoma."

"Tambara la kuzuia vumbi huachwa linaning'inia, lionekane. Hili lilikuwa ndani kabisa, mwanzoni pa bomba ni pasafi." Mkaguzi alivua miwani. "Kijana, nimefanya kazi hii miaka ishirini na nane. Kuna mtu mwingine aliyegusa ndege hii?"

"Hakuna."

"Na kifuniko cha kulia? Kivalvu kimekwama siku nyingi."

Boaz alimtazama Pantaleo. Yeye Boaz alikuwa na nakala za maombi yake ya kifuniko, tatu, zenye tarehe. Lakini karatasi zingeleta maswali, maswali yangeleta siku za ziada, na katika siku za ziada mtu angekumbuka kwamba Mama Noela alipita chini ya bawa siku ya Jumatano.

"Mimi ni mwenye ndege tu, mzee," Pantaleo akasema. "Siyo fundi. Mimi naambiwa ipo sawa, napanda. Saini hapo ya nani?"

"Yangu," akasema Boaz.

Mkaguzi aliandika polepole, akisimama mara kwa mara kana kwamba anampa nafasi. Boaz hakuitumia. Jioni ile leseni yake ilitiwa kwenye bahasha ya kaki, na polisi wawili wakampakia nyuma ya gari. Pantaleo alimwambia Lusia ana wiki moja ya kuhama, kisha akamwongezea siku tatu kwa sababu ya mtoto, akasikika akiwasimulia watu kwamba yeye hana roho mbaya.

*

Siku ya pili Lusia alikwenda kituoni na hotipoti ya wali na maharage. Alikuwa hakulala, na njia nzima alikuwa akisema peke yake maneno ambayo angemwambia afande wa mapokezi. Angesema ni yeye. Angesema dawa aliiokota, au aliinunua mnadani kwa mtu asiyemjua. Mama yake asingetajwa. Aliyarudia mpaka yakakaa sawasawa.

Kwenye benchi la mapokezi alimkuta Safiya, ndani ya nguo nyeupe za eda, kaka yake pembeni. Aliitwa kuandika maelezo. Lusia akasimama.

"Pole, dada."

Safiya aliinua uso. "Alikuwa akila kwenu," akasema bila kupandisha sauti. "Akija nyumbani anakusifia mlenda wako. Mumeo alikaa naye sahani moja, akasahau tambara. Tambara, Lusia! Mwambie nimesikia alichokiri. Lakini pole yake asinitumie, wala ya kwako siitaki."

Maneno yote aliyoyapanga Lusia yalikuja mpaka kwenye meno. Akilini alimwona mama yake mlangoni pa nyumba ya nyasi, akipembua mtama, na njia inayotoka barabarani ikiwa tupu. Alimwona Noela.

"Wewe mama wa chakula," afande akaita kutoka kaunta. "Sogea. Cha nani?"

"Cha Boaz. Fundi."

"Ahaa, yule wa ndege." Akafungua hotipoti, akanusa, akaisukuma kwake pamoja na kijiko. "Onja wewe kwanza. Ndiyo utaratibu. Wanawake wa huku mnawawekea waume zenu madawa, halafu lawama zinakuja kwetu."

Wenzake walicheka. Lusia alichukua kijiko. Safiya alikuwa akimtazama, na nyuma ya mlango wa chuma mtu alikohoa, kikohozi ambacho Lusia angekitambua popote.

"Hapo juu hapana. Chimba chini."

Alichimba chini. Akatia mdomoni, akatafuna muda mrefu, mpaka afande akainua uso kutoka kwenye daftari kuona kinachomchelewesha. Akameza.

"Fungua mdomo."

Akafungua.

"Haya, hamna kitu," afande akasema, akachukua hotipoti akaingia nayo ndani.